Kuonja na kulinganisha siga za daraja la juu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya watu wazima ambao tayari wanavuta siga na wanataka kujua wanachokionja. Si mwaliko kwa asiyevuta. Maswali yanaanzia kwenye misingi na kuishia kwenye yale yanayowatatiza hata wazoefu. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Misingi

1. Siga ya daraja la juu ni ipi hasa?

Ni siga iliyoviringwa kwa mkono, yote majani ya tumbaku: haina karatasi, haina kichungi, haijatiwa ladha ya kuongezwa. Majani yake ya ndani ni marefu, yanakwenda kutoka kichwani (upande wa mdomo) hadi mguuni (upande unaowashwa) bila kukatwakatwa. Siga ya mashine kwa kawaida hujazwa vipande vidogo vya majani, na mara nyingi hufungwa kwa karatasi iliyotengenezwa kwa unga wa tumbaku. Tofauti utaiona kwenye majivu. Majani marefu hutoa majivu yaliyoshikamana, vipande hudondoka mapema.

Bei na pambo la sanduku havimo kwenye maana hii.

2. Imejengwaje, na kila jani lina kazi gani?

Ina sehemu tatu. Majani ya ndani ndiyo mengi, na ndiyo yanayobeba mchanganyiko. Jani la kufungia huyashika yasifumuke. Jani la nje ndilo unaloliona na kuligusa kwa midomo.

Majani ya ndani huchaguliwa kwa kuangalia yalipokaa kwenye mmea. Ya chini, volado, huwaka kwa urahisi. Ya katikati, seko, yana harufu. Ya juu, ligero, yamepigwa jua zaidi: ni mazito, yana mafuta na nikotini nyingi, na huwaka polepole. Ndiyo maana mviringaji huilaza ligero katikati kabisa, volado na seko zikiizunguka. Ikikaa pembeni, siga itaungua upande mmoja. Juu ya ligero, baadhi ya mimea hutoa majani mawili madogo yaitwayo medio tiempo, na Kuba huyatumia kwenye Cohiba Behike, iliyotoka mwaka 2010.

3. Siga nyeusi ndiyo kali zaidi?

Hapana, na hakuna dhana potofu inayorudiwa kuliko hii. Ukali hutokana na nikotini, na nikotini nyingi iko kwenye ligero ya ndani. Weusi wa jani la maduro hutokana na jani nene lililochachushwa kwa muda mrefu na kwa joto kubwa zaidi, na mara nyingi matokeo yake ni utamu: kakao, kahawa, matunda yaliyokaushwa. Kuna maduro laini kabisa, na kuna siga za rangi ya dhahabu zenye ligero ya kutosha kukufanya utafute pa kukaa.

Majina ya rangi, kutoka nyepesi hadi nzito, ni klaro, kolorado, maduro na oskuro. Kando yake iko kandela ya kijani, ambayo jani lake hukaushwa haraka kwa joto ili ukijani usipotee. Ladha yake ni ya majani mabichi, na wengi hawaipendi.

4. Ukali, uzito na ladha vinatofautianaje?

Ukali unausikia mwilini: kichwa kuwa chepesi, tumbo kuvurugika. Uzito unausikia mdomoni: moshi mwembamba unaopita tu, au moshi mzito unaofunika ulimi. Ladha ni kile unachoweza kukitaja. Siga inaweza kuwa pole kwa ukali na bado ikajaa ladha. Unapoandika, vipe vitu hivi vitatu mistari mitatu tofauti. Anayeandika "kali" akimaanisha "yenye ladha nyingi" atashindwa kuyaelewa maandishi yake mwenyewe baada ya mwezi.

5. "5 × 50" maana yake nini?

Namba ya kwanza ni urefu kwa inchi. Ya pili ni unene, ukihesabiwa kwa sehemu za 64 za inchi. Kwa hiyo 50 ni karibu milimita 20. Umbo liitwalo robusto liko hapo. Churchill ni inchi 7 kwa 47, korona huwa na unene wa 42 hivi, na lansero ni ndefu na nyembamba, unene wa 38 hivi.

Unene unabadilisha ladha. Siga ikiwa nyembamba, sehemu ya jani la nje katika kila mvuto huwa kubwa. Ikinenepa, majani ya ndani hutawala. Chapa ileile, mchanganyiko uleule, utaonja vitu viwili tofauti katika lansero na katika robusto.

6. Moshi wa siga hauvutwi mapafuni. Basi hauna madhara?

Una madhara. Ni moshi wa tumbaku iliyoungua, wenye sumu zilezile, na unasababisha saratani ya mdomo, zoloto, umio na mapafu. Moshi wa siga una ualkali kuliko wa sigara nyingi za karatasi, hivyo nikotini hupenya kwenye utando wa mdomo bila kufika mapafuni, na mtu anaweza kuwa mtumwa wake vilevile. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku ya kukaribia pakiti nzima ya sigara. Hakuna kiwango salama.

Kuonja ninakokueleza hapa ni kwa nadra na kwa makini, mahali pa wazi, mbali na watoto, wajawazito na yeyote ambaye hakuchagua kuuvuta moshi wako. Anayevuta kila siku hapati ladha zaidi. Ulimi wake huchoka na madhara yanajilimbikiza.

## Nchi, mashamba na majina

7. Je, kila nchi ina ladha yake?

Ina mwelekeo wake. Tumbaku ya Estelí, Nikaragua, inayokua kwenye udongo mweusi wa volkano, huelekea kwenye pilipili manga na harufu ya udongo. Ya Jalapa, nchi hiyohiyo, ni laini na tamu zaidi. Jamhuri ya Dominika, hasa bonde la Cibao, inasifika kwa upole: mbao, nyasi kavu, krimu. Kuba ina Vuelta Abajo, mkoani Pinar del Río, ambako majani yote ya siga moja, la nje, la kufungia na ya ndani, yanaweza kutoka eneo moja.

Jani la nje lina ramani yake. Ekuador hulima jani bora chini ya mawingu yanayolikinga na jua, kwa mbegu za asili ya Connecticut, Sumatra na Kuba. Katika bonde la mto Connecticut, Marekani, kuna jani la kivulini linalolimwa chini ya mahema ya kitambaa, na kuna jani pana la juani linalogeuzwa maduro. San Andrés, jimbo la Veracruz nchini Meksiko, hutoa maduro yenye ladha nzito ya udongo na kakao. Kameruni na Jamhuri ya Afrika ya Kati hutoa jani jembamba lenye vinundu vidogo unavyovisikia kwa kidole, tamu na lenye viungo. Ndilo lililovishwa siga iitwayo Arturo Fuente Hemingway.

Kwa hiyo jina la nchi kwenye sanduku mara nyingi linakwambia siga ilikoviringwa, basi. Siga iliyoviringwa Estelí inaweza kuwa na jani la nje la Ekuador na la kufungia la Meksiko. Uliza majani yametoka wapi, moja moja.

8. Siga za Kuba ndizo bora duniani?

Zina tabia ya pekee, na zikiwa sawasawa ni nzuri kweli: mwerezi, kahawa, utamu kama wa asali, zote kwa upole. Lakini kusema ni bora kuliko zote ni kurudia sifa ya zamani bila kuonja. Nikaragua na Jamhuri ya Dominika zimezalisha siga zinazosimama nazo bega kwa bega. Familia ya Fuente, watengenezaji wa siga, iliambiwa jani zuri la nje haliwezi kulimwa Jamhuri ya Dominika. Ikalilima, na mwaka 1995 ikatoa Fuente Fuente OpusX. Chapa ya Davidoff, iliyokuwa ikitengenezwa Kuba, ilihamia huko mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Zifiche pete (utepe wenye jina la chapa), uonje (swali la 17), halafu ndipo useme.

9. Kwa nini kuna Montecristo mbili, na Romeo y Julieta mbili?

Mwaka 1960 serikali ya Kuba ilitaifisha viwanda vya siga. Wamiliki wengi walihama, wakaendeleza majina yao nje, na vikwazo vya biashara vya Marekani vya mwaka 1962 vikalitenga kabisa soko la Marekani na siga za Kuba. Hadi leo Montecristo, Romeo y Julieta, Partagás, H. Upmann na Hoyo de Monterrey zinatengenezwa Kuba na pia nje ya Kuba, na kampuni tofauti. Cohiba ni ya baadaye: Kuba iliianzisha mwaka 1966, na jina hilohilo likasajiliwa Marekani kwa siga ya Jamhuri ya Dominika.

Kwa mwonjaji maana yake ni moja tu: hizo ni siga mbili zisizo na undugu. Ukiandika "Montecristo" bila kutaja ya wapi, hujaandika kitu.

## Kabla ya kuwasha

10. Nahitaji vifaa gani?

Kikatio chenye makali, kiberiti kirefu au kiwashio cha gesi ya butani, kisahani cha majivu chenye nafasi ya kulaza siga, maji, karatasi na kalamu. Epuka viwashio vya petroli na mishumaa. Harufu zake huingia kwenye mvuto wa kwanza na hazitoki.

11. Siga ziwe katika hali gani kabla ya kulinganishwa?

Zote ziwe zimekaa sanduku moja la unyevu kwa wiki tatu au nne, unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Hili watu hulidharau, na ndilo linaloharibu ulinganisho kuliko jambo lolote. Siga yenye unyevu mwingi huvutika kwa shida na kuonja uchungu. Iliyokauka huungua haraka, moto hupanda na ladha hupotea. Ukiweka mbichi dhidi ya kavu unalinganisha maji, tumbaku haimo.

Usikiamini kipima unyevu kwa sababu ni kipya. Tia chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, iloweshe kidogo tu iwe kama uji mzito, uiweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Kesho yake kipimo kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 71, ongeza 4 kwenye kila unachosoma.

Ukiwa mikono mitupu, ibonyeze siga taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikibonyea kidogo na kurudi, iko tayari. Ikitoa sauti ya mchakacho, irudishe sandukuni.

12. Nile au ninywe nini?

Kula kwanza, tumbo tupu na nikotini havipatani (swali la 24). Acha saa moja ipite. Wakati wa kuonja kunywa maji ya kawaida au yenye gesi. Kahawa na pombe zinaendana na siga, lakini zinaleta ladha zao, na katika kulinganisha utaishia kuandika ladha ya kikombe.

## Kuonja

13. Niikate na kuiwasha vipi?

Kata kofia tu (kipande cha jani kinachofunika kichwa), milimita mbili hivi, juu ya mstari ambapo kofia inaisha. Ukishuka chini ya mstari huo jani la nje litafumuka. Tumia mkato mmoja kwa siga zote unazolinganisha. Mkato wa tundu huukusanya moshi mahali pamoja pa ulimi, na mkato ulionyooka huutawanya. Hiyo pekee inatosha kukudanganya.

Kuwasha ni kwa subira. Shika mguu wa siga juu kidogo ya ncha ya moto, usiuguse, uzungushe mpaka ukingo wote uwe mweusi. Ndipo uvute taratibu huku ukiendelea kuzungusha. Puliza kidogo mguuni uone kama kaa limeenea.

14. Nianzie wapi kuonja?

Anzia kabla ya moto. Nusa jani la nje, kisha nusa mguu. Ni harufu mbili tofauti. Jani la nje huleta zizi, nyasi kavu, ngozi. Mguu huleta utamu, kakao, zabibu kavu. Ukishakata, vuta hewa bila kuwasha. Hapo unasikia mvuto ulivyo, kama hewa inapita kwa urahisi au kwa shida, na ladha ya tumbaku ambayo moto haujaigusa. Andika.

Ukiwasha, mivuto mitatu ya kwanza usiihukumu, moto bado unatafuta njia. Baada ya hapo vuta mara moja kwa dakika hivi, si zaidi. Ujaze moshi mdomoni, uuache usambae mpaka pembeni mwa ulimi na kwenye ufizi wa juu, kisha uutoe polepole. Ukishautoa, funga mdomo na upumue kwa pua. Sasa sikiliza kilichobaki: kimedumu, au kimekatika? Ni kikavu au kinaleta mate? Ladha inayobaki inatofautisha siga nzuri na siga ya kawaida kuliko ile ya moshi wenyewe.

15. Kutolea moshi puani ni lazima?

Kwa anayelinganisha, ndiyo, mara chache. Ulimi unatambua utamu, uchungu, chumvi, uchachu na ladha ya mchuzi wa nyama. Mwerezi, njugu, mdalasini na kahawa vinatambuliwa na pua. Asiyepitisha moshi puani anaisoma siga nusu.

Usiuvute moshi mapafuni. Toa sehemu kubwa kwa mdomo, ufunge midomo, kisha kile kidogo kilichosalia ukisukume nje kwa pua taratibu. Mara ya kwanza pilipili itawasha machozi yatoke. Mara moja au mbili kwa kila theluthi inatosha.

16. Kwa nini watu huigawa siga theluthi tatu?

Kwa sababu siga haionji sawa mwanzo hadi mwisho. Kadiri kaa linavyosogea, mafuta na lami hukusanyika kwenye tumbaku iliyobaki, moshi hupata nafasi ndogo ya kupoa, na ladha hukolea. Theluthi ya kwanza hutambulisha, ya pili ndiyo siga yenyewe, ya tatu hupima ujuzi wa mchanganyaji. Siga inayobadilika kutoka njugu kwenda kakao kwenda pilipili imefikiriwa. Ikianza kuonja chuma au makaa, ilaze, imekwisha kazi. Hakuna heshima katika kuvuta mpaka kuunguza vidole.

## Kulinganisha

17. Nianze kulinganisha nini na nini?

Badilisha kitu kimoja tu. Kanuni yangu ni hiyo, na mengine yote katika sehemu hii yanatoka humo. Ukiweka robusto pole ya Jamhuri ya Dominika dhidi ya Churchill kali ya Nikaragua utaona tofauti, ndiyo, ila hutajua imetoka wapi: nchi, unene, urefu, ligero au jani la nje.

Mahali pazuri pa kuanzia ni siga moja inayotolewa na majani mawili tofauti ya nje. Padrón 1964 Anniversary, yenye tumbaku ya Nikaragua tupu, hutolewa ikiwa na jani la asili na ikiwa maduro. Chukua umbo moja, urefu mmoja. Mwanzoni utadhani ni kitu kimoja: pilipili ileile puani, uzito uleule. Subiri majivu yafike upana wa kidole. Kwa kinywa changu ile ya asili hubaki upande wa njugu na mwerezi, na ladha yake hukatika kavu. Maduro hufunguka kwenye kakao na kahawa, na utamu wake hung'ang'ania midomoni. Hiyo tofauti ndiyo jani la nje, maana mengine yote umeyashika mahali pake.

Baada ya hapo geuza: jani moja la nje, mchanganyiko tofauti. Kisha mchanganyiko mmoja, unene tofauti. Ukifika kwenye kulinganisha nchi, utakuwa unajua unachokitafuta.

Na pete zifichwe. Jina linaonja kabla ya ulimi. Usizibandue kwa nguvu, gundi yake huchana jani. Mtu mwingine azifunike kwa utepe wa karatasi nyeupe na kuandika namba. Chagua siga za umbo moja, kwa kuwa siga ya pembe nne inajitambulisha yenyewe hata ukiificha pete.

18. Siga ngapi kwa kikao kimoja?

Mbili. Tatu kama ni fupi na pole. Ya nne huonjwa na ulimi uliokufa ganzi, na mwili unakuwa umebeba nikotini nyingi kuliko inavyostahili.

Unaweza kuziwasha mbili pamoja na kupokezana, mvuto mmoja huku, maji, mvuto mmoja kule. Njia hii hufichua tofauti ndogo sana, ila zitapoa, na utalazimika kuziwasha tena. Ukionja moja baada ya nyingine, anza na ile pole, kisha siku nyingine ugeuze mpangilio. Siga ya kwanza ina kinywa safi, na hiyo ni faida isiyo ya haki.

19. Nitajuaje kama tofauti ninayoisikia ni ya kweli?

Mwombe mtu akupe siga tatu zenye namba, mbili za aina moja na moja tofauti, pete zote zimefunikwa. Kazi yako ni moja: taja iliyo peke yake. Kwa kubahatisha utapata mara moja katika tatu, kwa hiyo kupata mara moja si ushahidi. Rudia siku nyingine, uone. Mivuto michache ya kila siga inatosha, huna haja ya kuzimaliza.

Jaribio hili linatenda haki kuliko mazungumzo yoyote. Ukishindwa kuzitenganisha mara kadhaa, zile kurasa ulizoandika juu ya tofauti zao zilitoka kwenye pete. Angalizo: siga zinazolingana zitoke sanduku moja, kwa sababu kazi ya mkono ina tofauti zake (swali la 22).

20. Mimi nasikia "tumbaku" tu. Wengine wanatoa wapi kakao na ngozi?

Wamejizoeza kuzitaja. Anza na maswali makubwa: tamu au chungu? Kavu au yenye krimu? Kuna pilipili? Ikiwa kuna utamu, ni wa asali, wa matunda au wa kakao? Shuka hatua kwa hatua, na uishie pale unapokuwa na hakika. "Tamu, kavu, kitu cha mbao" ni maelezo mazuri kuliko orodha ya ladha kumi zilizokopwa kwenye tangazo la muuzaji.

Mkiwa wengi, andikeni kwanza, msemezane baadaye. Mmoja akitamka "kahawa", meza nzima itaanza kuisikia kahawa.

21. Alama za 100 zina maana gani?

Jarida la Cigar Aficionado, lililoanza Marekani mwaka 1992, lilizieneza, na waonjaji wake huonja bila kujua chapa. Hilo ni jema. Lakini alama moja inachanganya ujenzi, ukali, ladha na upendeleo wa mwonjaji. Siga ya 93 inayopendwa kwa pilipili haimfai mtu anayetafuta krimu. Soma maneno, namba iache. Kwa daftari lako gawa: muonekano, mvuto na uunguaji, ladha, ladha inayobaki. Mwisho jiulize kama ungeinunua tena kwa bei hiyo.

22. Niionje mara ngapi kabla ya kuihukumu?

Angalau mbili, tatu ni bora, kutoka sanduku moja, siku tofauti. Jani moja lililokunjwa vibaya ndani linaziba mvuto, na hapo unamhukumu mviringaji wa siku hiyo. Ikiwa zote tatu zimeziba, basi ni kiwanda.

## Yanayotatiza

23. Inaungua upande mmoja au inazima. Nifanyeje?

Upande unaochelewa uguse kwa moto kidogo, na upunguze kasi ya kuvuta. Ikizima, kung'uta majivu, puliza nje kupitia siga kutoa moshi uliolala, uwashe upya. Ndani ya saa moja au mbili ladha haiharibiki sana. Siga ya jana, iliyolala imezimika, itupe.

24. Kichwa kinazunguka na natoka jasho. Nini hiki?

Nikotini imezidi. Acha hapohapo, kaa kwenye hewa safi, kunywa maji, na kula kitu kitamu; wengi husaidika nacho. Ukitapika mfululizo au moyo ukienda mbio bila kutulia, tafuta huduma ya afya. Alama za siga hiyo futa, mwili ukiugua ulimi hauaminiki.

25. Siga mpya ina harufu kali ya amonia. Imeharibika?

Haijaharibika. Majani yaliyorundikwa yakachachuka hutoa amonia, na siga iliyofungwa mapema hubaki nayo. Iweke sandukuni miezi kadhaa. Usiilinganishe na nyingine ikiwa bado hivyo.

26. Kuna ukungu mweupe juu ya jani, au vitundu kama vya sindano.

Weupe kwa sehemu kubwa ni ukungu wa kuvu, hata kama muuzaji anauita dalili ya uzee mzuri. Ukungu ukiwa na nywele au madoa ya mviringo, tupa siga. Ukiingia mguuni, tupa bila kujadili.

Vitundu ni kazi ya mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, ambaye mayai yake huanguliwa joto likipanda. Tenga siga zote za sanduku hilo, zifunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa, zikae kwenye friza nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku tatu, kisha siku moja kwenye friji ya kawaida, ndipo zirudi. Ukizitoa kwenye friza moja kwa moja jani la nje litapasuka.

27. Nitatambuaje siga bandia ya Kuba?

Sanduku halisi lina mhuri wa moto chini yake, pamoja na maneno "Totalmente a mano" (Kihispania: kwa mkono kabisa) na msimbo wa kiwanda wenye mwezi na mwaka. Cohiba ya sanduku lenye kifuniko cha kioo ni bandia, hakuna mjadala. Ndani, rangi ya siga zote iwe moja na pete zote zielekee upande mmoja. Ukiwa na shaka, usiitie kwenye ulinganisho, kwa kuwa hujui unalinganisha nini.

28. Kuihifadhi miaka mingi huiboresha?

Baadhi. Ukali hupungua na pembe hulainika. Siga yenye nguvu na mafuta mengi inaweza kunufaika kwa miaka kadhaa, na ile pole huenda ikafifia ikabaki moshi tu. Nunua sanduku moja, onja moja sasa, nyingine baada ya mwaka, na daftari la mara ya kwanza usilifungue mpaka umemaliza kuandika la pili.

29. Sivuti, lakini niko na wanaoonja. Nina nafasi?

Una nafasi nzuri. Kunusa siga kabla ya kuwashwa hakuhitaji moto: linganisha jani la nje na mguu wa kila siga, andika, kisha mlinganishe na waliowasha. Jaribio la swali la 19 pia linamhitaji mtu wa kufunika pete na kushika orodha ya namba. Siga zikiwashwa, kaa mbali na moshi.